Subira ya Quebec, Heri ya Denver

Mwaka nilioacha chuo, kazi ya kwanza kunilipa ilikuwa kuandika kuhusu hoki ya barafu. Nilikuwa Pipeline, chumba kimoja, saa nane usiku, nikimwandikia mteja wa ng'ambo makala kuhusu wachezaji ambao hata majina yao sikujua kuyatamka. Barafu pekee niliyokuwa nimeiona kwa karibu ni ile ya friji ya duka, imegandamana kando ya maziwa ya pakiti. Lakini kodi ni kodi. Nikajifunza.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba mashabiki wa hoki hubishana kuhusu biashara kuliko magoli. Nani abadilishwe na nani. Timu ibomolewe sasa, ama ivumiliwe msimu mmoja tena. Jambo la pili: ubishi ukikolea, lazima mtu ataitaja Quebec.

Mteja yule hayupo tena, alitoweka na malipo ya makala mbili. Hadithi ya Quebec ndiyo iliyobaki nami, na sababu yake nitaieleza.

Kwanza tuelewane kuhusu sheria, maana hii si kandanda. Arsenal wakimtaka mchezaji wanatoa pesa, na mchezaji mwenyewe lazima akubali kuhama. Kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, klabu hubadilishana wachezaji. Nipe beki wako, nikupe winga wangu pamoja na nafasi yangu ya kuchagua chipukizi mwakani. Wachezaji wengi hawaulizwi. Mtu anaamka akiwa wa mji huu, jioni anapigiwa simu apange nguo, sasa ni wa mji mwingine.

Halafu kuna drafti. Si ile ya vizibo vya soda tunayocheza nje ya kinyozi, ingawa na huko pia kete haiulizwi inataka kwenda wapi. Kila mwaka klabu huchagua vijana kwa zamu, na ile iliyofanya vibaya hupewa nafasi ya kuchagua mapema. Nia ni nzuri, mnyonge asibaki mnyonge milele. Lakini ukiitazama vizuri utaona kwamba kushindwa kunalipa. Klabu inaweza kuuza wakongwe wake, ikubali kupigwa misimu miwili mitatu, ikusanye vijana, halafu vijana wakikomaa ianze kushinda. Hiyo ndiyo wanaita kujenga timu upya. Na shabiki, ambaye bado ananunua tiketi kila wiki, anaambiwa avumilie.

Sisi tuna methali yake. Subira huvuta heri. Shida ni kwamba methali haikusema heri hiyo inavutwa hadi kwa nani.

Quebec ni mji wa Kanada wenye kuta za zamani na watu wanaozungumza Kifaransa. Timu yao, Nordiques, ilianzishwa mwaka 1972 katika ligi iliyokuwa ikishindana na NHL, kisha ikaingia NHL yenyewe mwaka 1979. Mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kuna Montreal, jiji kubwa, lenye Canadiens, klabu iliyobeba Kombe la Stanley mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Kwa miaka mingi Mfaransa wa Kanada akisema "timu yetu" alimaanisha Canadiens. Sasa ghafla kuna timu zetu mbili.

Ukitaka kuelewa, fikiria Gor na Ingwe, kisha ongeza bia. Canadiens ilimilikiwa na kampuni ya bia ya Molson. Nordiques nayo ilimilikiwa na kampuni ya bia iliyoshindana na Molson, Carling O'Keefe. Kwa hivyo hata chupa uliyoagiza baa ilisema uko upande gani. Na sisi tukijisifu na derby yetu ya Mashemeji, hawa walikuwa wamepita ushemeji: Dale Hunter alichezea Quebec huku Mark Hunter, ndugu yake wa tumbo moja, akichezea Montreal.

Tarehe 20 Aprili 1984, Ijumaa Kuu, timu hizo zilikutana Montreal katika mechi ya sita ya mchujo. Mwisho wa kipindi cha pili vita vikazuka. Wachezaji wakaondoka, wakarudi kuanza kipindi cha tatu, na walipotangaziwa waliofukuzwa, vita vikaanza upya. Quebec walikuwa wakiongoza 2–0. Montreal wakafunga mabao matano katika kipindi hicho, wakashinda 5–3 na kuwatoa nje. Hadi leo watu wa kule wakisema "Ijumaa Kuu" katika mazungumzo ya hoki, huhitaji kuuliza ni ya mwaka gani.

Mwaka 1987 Quebec walimtoa Dale Hunter. Alikuwa mgomvi, mfupi, mwenye roho ya simba, yule mchezaji ambaye shabiki humpenda kwa sababu anacheza kama ambavyo shabiki mwenyewe angecheza. Alipelekwa Washington pamoja na kipa Clint Malarchuk, na Quebec wakapata wachezaji wawili na nafasi moja ya drafti. Kwa nafasi hiyo walimchukua kijana mkimya anayeitwa Joe Sakic. Mkumbuke huyo.

Kisha kikaja kipindi cha giza. Msimu wa 1989–90 Nordiques walicheza mechi 80, wakashinda 12 na kupoteza 61. Kwa kuwa walikuwa mkiani, walichagua wa kwanza kwenye drafti mara tatu mfululizo: Mats Sundin mwaka 1989, Owen Nolan mwaka 1990, na mwaka 1991 Eric Lindros.

Lindros alikuwa na miaka 18, mkubwa kama mlango wa kanisa, na wengi walimwona kama nyota mkubwa ajaye wa mchezo wote. Quebec walimwita jukwaani. Akapanda, lakini jezi akakataa kuivaa. Alikuwa ameshasema hatawachezea, na hakuwachezea. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba tatizo lake lilikuwa mmiliki wa klabu, si mji wala lugha. Lakini hebu fikiria uko pale Quebec mwaka ule. Umekaa baridini misimu mitatu ukitazama timu ikipigwa, ukiambiwa zawadi iko njiani, kisha zawadi inafika na kusema haikutaki.

Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza niliifunga laptopu kidogo.

Baba yangu ni shabiki wa Ingwe. Ingwe ilitwaa ligi mwaka 1998, kabla sijazaliwa, na nimekua nikiambiwa msimu ujao ndio wetu. Yeye ndiye mwenye methali ile ya subira. Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni na dadangu mdogo akapata nafasi ya kujiunga, karo ya kutosha watoto wawili haikuwepo. Tulikaa sebuleni, tukapiga hesabu, na baba akasema wewe simama kidogo, huyu aingie, mambo yakikaa sawa utarudi. Hakuna aliyekosea. Dadangu alikuwa na alama nzuri kuliko zangu. Ulikuwa uamuzi mzuri wa kujenga upya, ukiutazama kwa jicho la meneja.

Turudi Quebec. Lindros alikaa mwaka mzima bila kuchezea NHL. Juni 1992 mmiliki, Marcel Aubut, alikubaliana kumtoa, ila alikubaliana na klabu mbili kwa mpigo, Philadelphia na New York. Ikabidi aitwe mpatanishi asikilize ushahidi kama kesi ya shamba lililouzwa mara mbili. Tarehe 30 Juni aliamua Philadelphia ndio wenye haki.

Quebec walipata wachezaji sita, nafasi mbili za kwanza kwenye drafti, na dola milioni 15. Kati ya wale sita kulikuwa na kijana wa Uswidi, Peter Forsberg, ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya NHL. Msimu uliotangulia Nordiques walikuwa wamemaliza na pointi 52. Msimu uliofuata, 1992–93, walipata 104. Mara mbili kamili.

Mchujo ukaja, na wa kwanza kukutana naye? Montreal. Quebec wakashinda mechi mbili za mwanzo. Golini mwa Montreal alikuwa Patrick Roy, ambaye wengi wanasema ndiye kipa bora kuwahi kutokea, na ambaye alizaliwa Quebec hapo hapo. Montreal wakashinda mechi nne zilizofuata, wakaendelea hadi wakabeba Kombe la Stanley, la 24 kwao.

Hata hivyo, timu ya Quebec sasa ilikuwa timu kweli. Msimu wa 1994–95, uliofupishwa hadi mechi 48 kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji, Forsberg alivuka bahari na kuanza kazi, na Nordiques wakamaliza wa kwanza upande wa mashariki. Wakatolewa na New York Rangers, mabingwa watetezi, katika raundi ya kwanza. Inauma, lakini shabiki mzoefu angesema poa, vijana bado, mwakani.

Mwakani haukuja. Mishahara ya wachezaji ilikuwa ikipanda, na ililipwa kwa dola ya Marekani, ilhali tiketi ziliuzwa kwa dola ya Kanada iliyokuwa dhaifu. Mji ulikuwa mdogo, uwanja wa zamani. Aubut aliiomba serikali ya jimbo msaada, hawakuelewana, na Mei 1995 timu ikauzwa kwa dola milioni 75 na kuhamishiwa Denver, Colorado. Wachezaji wale wale, kocha yule yule, jina jipya: Avalanche.

Subiri, bado haijaisha.

Tarehe 2 Desemba 1995, Montreal walipigwa nyumbani na Detroit 11–1. Roy alifungwa mabao tisa kabla ya kocha kumtoa. Alipodaka mpira rahisi umati ulimshangilia kwa kejeli, naye akainua mikono juu kuwajibu. Alipotolewa alimwendea rais wa klabu, aliyekuwa ameketi nyuma ya benchi, akamwambia hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho Montreal. Siku nne baadaye alibadilishwa. Alikwenda wapi? Denver.

Hapa ndipo mashabiki hushikana mashati. Je, Montreal wangempa Roy kwa Nordiques, timu ingekuwa bado Quebec? Sijasoma shabiki hata mmoja anayejibu ndiyo. Ni sawa na Gor kumpelekea Ingwe kipa wao bora katikati ya msimu. Kwa hivyo kilichokosekana Quebec kilipatikana kwa sababu Quebec walinyang'anywa timu. Na kuna jingine: mmoja wa watatu waliopelekwa Montreal kulipia Roy na nahodha Mike Keane alikuwa kipa chipukizi Jocelyn Thibault, aliyechaguliwa mwaka 1993 kwa nafasi iliyotoka Philadelphia. Yaani alitokana na ile "hapana" ya Lindros.

Juni 1996, miezi kumi na tatu hivi baada ya kuuzwa, timu hiyo iliwafagia Florida Panthers mechi nne kwa bila. Ya mwisho iliisha 1–0 katika muda wa nyongeza wa tatu, bao la Uwe Krupp. Nahodha aliyelipokea kombe na kutajwa mchezaji bora wa mchujo ni Joe Sakic, yule wa malipo ya Dale Hunter. Ndilo lilikuwa kombe la kwanza la ligi kubwa kuwahi kuletwa Denver, na mji huo ulikuwa umewasubiri vijana hao msimu mmoja tu.

Ubishi wa pili ni nani alishinda biashara ya Lindros. Wanaotazama karatasi husema ni rahisi. Lindros alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1995, akafika fainali mwaka 1997, majeraha yakamvunja, na kombe hakuwahi kuligusa. Forsberg alibeba makombe mawili, 1996 na 2001. Lakini swali limekaa vibaya. Klabu ilishinda biashara ile. Mji uliofanya biashara ile ulipoteza kila kitu, hata haki ya kuumia msimu ujao.

Ubishi wa tatu ndio mgumu: kombe la 1996 ni la nani? Wapo mashabiki wa Quebec wanaosema lile ni letu, tuliwalea wale vijana. Wapo wanaosema siku timu ilipoondoka, ilikufa. Msimu wa 2020–21 Avalanche walitoa jezi maalumu yenye nembo ya Nordiques iliyopakwa rangi za Colorado, na ubishi ukafufuka upya. Wengine waliona heshima. Wengine waliona jirani aliyevaa shati la marehemu.

Ni rahisi kuwachukia watu wa Denver, mimi mwenyewe nilianza huko. Kisha nikajua kwamba Denver waliwahi kuwa na timu nyingine ya NHL, Rockies, iliyohamishwa New Jersey mwaka 1982. Na New Jersey walitwaa kombe mwaka 1995, wiki chache tu baada ya Quebec kuuzwa. Kwa hivyo mtu wa Denver aliyekuwa na umri wa kutosha aliijua ladha hiyo vizuri.

Tofauti ni kwamba Denver walipewa nafasi ya pili ya kungoja. Msimu wa 2016–17 Avalanche walikuwa vibanda kabisa, pointi 48, wa mwisho kwenye ligi. Kufikia hapo drafti ilikuwa na bahati nasibu, na bahati ikawakataa, wakachagua wa nne. Wakamchukua beki Cale Makar. Meneja aliyesimamia ujenzi huo? Joe Sakic. Alimtoa nyota Matt Duchene, akakusanya vijana, akamweka katikati Nathan MacKinnon, na mwaka 2022 wakatwaa kombe, Makar akiwa mchezaji bora wa mchujo. Miaka mitano. Waliolia mwaka 2017 na walioshangilia mwaka 2022 walikuwa watu wale wale, kwenye viti vile vile. Hicho ndicho Quebec hawakupewa.

MacKinnon ana uhusiano nasi kidogo. Mwaka 2018 wachezaji wa Kenya Ice Lions, waliokuwa wakifanyia mazoezi kwenye barafu ndogo ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, walipelekwa Kanada na kampuni moja ya kahawa, na humo chumbani mwa kubadilishia nguo wakakuta MacKinnon na Sidney Crosby wamevaa jezi kucheza upande wao. Kilichowapeleka ni kwamba hapa nyumbani hapakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo. Walikuwa wakijigawa wenyewe kwa wenyewe. Walikuwa na kila kitu ila mpinzani.

Nikiwaza hilo ndipo ninapoielewa Montreal vizuri zaidi. Mwaka 1995 Canadiens walibaki peke yao jimboni. Ungedhani walifurahi. Mashabiki wao wa rika la zamani ukiwasoma, wanaikumbuka Nordiques kwa hamu kuliko wanavyozikumbuka timu nyingi zao wenyewe. Gor bila Ingwe ni mechi ya Jumamosi tu.

Dadangu alihitimu mwaka jana. Nilikuwa pale, suti ya kuazima, nikapiga vigelegele hadi sauti ikakauka, na nilifurahi kweli, sidanganyi mtu. Pia kulikuwa na kitu kingine kifuani ambacho sikuwa na jina lake, hadi nilipowaza mtu wa Quebec mbele ya televisheni, Juni 1996, akimtazama Sakic akiinua kombe.

Juzi nilimpigia baba nikamsimulia hadithi hii yote. Anapenda hesabu za namna hiyo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hao watu wa Quebec, wako vipi sasa?"

Nikamwambia walijenga uwanja mpya, ukafunguliwa mwaka 2015, viti elfu kumi na nane hivi, pesa za umma. Wakaomba timu. NHL ikawapa Las Vegas, kisha ikawapa Seattle. Quebec bado.

Akacheka sana. "Uwanja bila timu! Sisi angalau Ingwe tuko nayo, hata ikipigwa iko." Akanyamaza kidogo, nikasikia redio ikiongea nyuma yake. "Lakini walijenga. Hapo ndipo nimewapenda." Kisha, kwa sauti nyingine, "Kijana wangu, ile barua ya chuo ya kuahirisha masomo, bado unayo?"

"Ninayo, baba."

"Iweke vizuri. Dadako ameanza kazi. Januari tuongee."

Nikamwambia sawa. Sikuuliza Januari ya mwaka gani. Barua iko kwenye bahasha juu ya kabati, na tangu hiyo simu nimeishusha mara mbili kusoma tarehe.